Isaac Singer: Jina lililobaki kwenye cherehani ya watu wengi

Na Mwandishi Wetu

CHEREHANI nyeusi yenye maandishi ya rangi ya dhahabu ni kitu kinachofahamika vema Afrika Mashariki. Imeshona sare za shule, kanzu, magauni ya harusi na mapazia katika baraza za mafundi mijini na vijijini. Nyingine zimerithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, zikiwa bado zinafanya kazi kwa mafuta kidogo na mkanda mpya.

Anayetaka kujua historia ya cherehani ya kale ya aina hiyo huanza kwa kutafuta namba iliyogongwa kwenye bamba la chini, upande wa kulia. Kuanzia mwaka 1900, kampuni ya Singer iliweka herufi mbele ya namba hizo, na herufi hizo husaidia kutambua kiwanda na kipindi ambacho mashine ilitengenezwa. Herufi F, J na Y, kwa mfano, zilitumiwa na kiwanda cha Clydebank, Scotland, na herufi G ilitumiwa na kiwanda cha Elizabeth, New Jersey, nchini Marekani.

Namba hiyo hueleza mengi, lakini haisemi lolote kuhusu mtu ambaye jina lake limeandikwa kwa dhahabu ubavuni mwa mashine. Isaac Merritt Singer hakuwa fundi cherehani, wala hakuwa mtu wa kwanza kuunda mashine ya kushona. Maisha yake yalijaa jukwaa la maigizo, madeni, kesi, ndoa zilizofichwa na utajiri mkubwa. Nyuma yake wamo watu kadhaa ambao bila wao cherehani isingekuwapo, na majina yao hayakuandikwa popote kwenye chuma hicho.

Alitoka nyumbani akiwa mtoto

Singer alizaliwa Oktoba 27, 1811, Pittstown, katika jimbo la New York. Baba yake, Adam Reisinger, alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Wazazi wake waliachana alipokuwa na umri wa miaka kumi, na muda mfupi baadaye aliondoka nyumbani kwenda kuishi na kaka yake mkubwa, aliyekuwa na karakana.

Katika karakana hiyo alijifunza kazi za chuma na kugundua kwamba mikono yake ilikuwa myepesi. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa kwenye uigizaji. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito na haiba iliyovuta watu, akajiunga na vikundi vya maigizo vilivyokuwa vikizunguka mji kwa mji.

Mwaka 1830, akiwa na miaka 19, alimwoa Catherine Maria Haley, msichana wa miaka 15, akapata naye watoto wawili. Mwaka 1836, akiwa safarini na kundi la maigizo, alikutana Baltimore na Mary Ann Sponsler, akamwahidi ndoa bila kuwa amevunja ile ya kwanza. Aliishi na Mary Ann kwa zaidi ya miaka 20, wakazaa watoto kumi, na mwanamke huyo akapanda naye jukwaani katika kundi lao lililoitwa Merritt Players.

Umaskini haukuwaacha. Mwaka 1839 Singer alipata hataza, yaani hati inayompa mvumbuzi haki ya uvumbuzi wake, kwa mashine ya kutoboa miamba. Aliiuza kwa dola 2,000, kiasi kikubwa kwa wakati ule, na fedha hizo zikaishia katika safari na maonyesho ya kundi lake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1849, alipata hataza nyingine kwa mashine ya kuchonga herufi za kuchapia.

Alikwenda New York akiwa na mashine hiyo ya herufi, akiamini kwamba ndiyo itakayomtajirisha. Februari 1850 boila ililipuka katika jengo la karakana alikokuwa akifanyia kazi, watu zaidi ya 60 wakafa na mashine yake ikateketea. Aliyemwokoa kifedha ni George Zieber, mfanyabiashara wa vitabu, aliyemkopesha fedha za kutengeneza nyingine. Mwaka huohuo wawili hao wakahamia Boston kutafuta wanunuzi.

Siku kumi na moja za Boston

Huko Boston walipanga nafasi katika karakana ya Orson Phelps. Mashine ya herufi haikupata mteja. Phelps, kwa upande wake, alikuwa akitengeneza cherehani za muundo wa Lerow na Blodgett, ambazo zilikuwa zikirudishwa karakanani mara kwa mara kwa sababu ya kuharibika.

Singer alizitazama akaona kasoro. Kichombo kilichobeba uzi wa chini kilizunguka kama saa na kuusokota uzi hadi ukakatika, na sindano yake ilikuwa imepinda na ililala. Yeye alipendekeza sindano iliyonyooka inayopanda na kushuka wima, kichombo cha uzi kinachokwenda mbele na kurudi nyuma, meza ya kuegemeza kitambaa, na mguu wa chuma wa kukikandamiza kisipande juu pamoja na sindano.

Zieber alitoa dola 40 kwa ajili ya vifaa. Kazi ilifanyika usiku na mchana, na kwa maelezo yaliyoachwa na wahusika, ilikamilika kwa siku 11. Jaribio la kwanza lilishindikana, mshono ukatoka umelegea. Singer na Zieber waliondoka usiku wakiwa wamekata tamaa, wakaketi njiani juu ya rundo la mbao, na hapo ndipo ilipobainika kwamba hawakuwa wamekaza uzi wa juu inavyotakiwa. Walirudi, wakarekebisha, na mashine ikashona mishono kadhaa sawasawa.

Sanduku la mbao la kusafirishia mashine hiyo lilifanywa meza yake, na chini yake likawekwa kanyagio. Hivyo mikono yote miwili ya mshonaji ikawa huru kuongoza kitambaa. Mpango huo wa kukanyaga kwa miguu ndio uliosambaa baadaye duniani kote, na mafundi wengi wasio na umeme wanautegemea hadi leo.

Hataza namba 8294 ilitolewa kwa jina la Singer Agosti 12, 1851. Ilidaiwa kwamba mashine yake iliweza kushona mishono 900 kwa dakika, wakati fundi hodari kwa mkono alikuwa na uwezo wa takriban mishono 40.

Zieber na Phelps hawakufaidi. Phelps aliondolewa mapema katika ushirika. Zieber aliugua mwishoni mwa mwaka 1851, na kwa maelezo yake mwenyewe, Singer alimwendea kitandani akamweleza kwamba daktari hakuwa na matumaini naye. Akiogopa kuiacha familia bila chochote, aliuza sehemu yake kwa dola 6,000. Alipona, akaishi kuona kampuni ikiingiza mamilioni.

Waliotangulia

Ufaransa ilikuwa imeona mashine ya kushona miaka 20 kabla. Fundi nguo Barthélemy Thimonnier alipata hataza mwaka 1830 na kuanzisha Paris karakana yenye mashine 80 za kushonea sare za jeshi. Mwaka 1831 kundi la mafundi nguo waliohofia kupoteza riziki waliivamia na kuzivunja mashine hizo. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857.

Nchini Marekani, Walter Hunt wa New York aliunda miaka ya 1830 mashine yenye sindano iliyotobolewa karibu na ncha na nyuzi mbili zinazofungana, mshono unaotumika hata sasa. Hunt, ambaye ndiye pia aliyebuni pini ya usalama, hakuomba hataza wakati huo. Inasimuliwa kwamba binti yake alimsihi asiendelee, kwa kuwahurumia wanawake waliokuwa wakiishi kwa ujira wa kushona kwa mkono.

Elias Howe wa Massachusetts aliunda mashine inayofanana na hiyo bila kuijua ya Hunt, akapata hataza Septemba 10, 1846. Hakupata wanunuzi, akaenda Uingereza kujaribu bahati, akarejea mwaka 1849 akiwa fukara na mkewe akiwa mgonjwa mahututi. Alifika na kukuta mashine zinazotumia mbinu zake zinauzwa madukani, na mkewe akafariki muda mfupi baadaye.

Howe alikwenda mahakamani. Kwa kujitetea, Singer na wanasheria wake walifanya jambo ambalo watafiti wa cherehani za kale hulifanya hadi leo: walianza kuisaka mashine ya zamani. Walimtafuta Hunt, vikapatikana vipande vya mashine yake vikiwa vimeliwa na kutu, naye akaijenga upya ili kuthibitisha kwamba Howe hakuwa wa kwanza.

Ushahidi huo uliiweka wazi historia, lakini haukuubadili uamuzi. Mwaka 1854 wenye mamlaka ya hataza walikubali kwamba Hunt alitangulia kubuni, ila kwa kuwa hakuwa ameomba haki yake kwa miaka mingi, haki ilibaki kwa Howe. Singer alilazimika kumlipa Howe dola 15,000 na kuendelea kumlipa ada kwa kila mashine. Hunt aliahidiwa na kampuni ya Singer dola 50,000 mwaka 1858, akafariki mwaka uliofuata kabla ya kulipwa.

Vita vya mahakamani viliendelea miongoni mwa watengenezaji hadi mwaka 1856, walipokutana Albany na kuamua kuziunganisha hataza zao. Singer, Howe, Wheeler na Wilson, pamoja na Grover na Baker, walikubaliana kutoza ada ya pamoja kwa kila cherehani iliyouzwa Marekani. Howe, aliyerejea kutoka Uingereza akiwa hana kitu, alijipatia takriban dola milioni mbili kabla ya kufariki mwaka 1867, mwaka ambao hataza yake ilimalizika muda.

Mwanasheria nyuma ya pazia

Ikiwa Singer alikuwa uso wa biashara hiyo, akili yake ilikuwa Edward Clark, mwanasheria aliyeingia ushirika mwaka 1851 kwa kubadilishana na huduma zake za kisheria. Wawili hao hawakupendana. Clark alikuwa mtu wa kanisa na mwenye staha, asiyependezwa na mwenendo wa mwenzake, lakini kila mmoja alimhitaji mwingine.

Singer alitumia kipaji chake cha jukwaani. Alionyesha mashine katika kumbi na maonyesho ya biashara, na katika ukumbi wa kampuni uliokuwa Broadway, New York, wanawake waliofundishwa kushona walikaa mbele ya wapita njia wakiendesha mashine. Lengo lilikuwa kuvunja dhana iliyokuwapo wakati ule kwamba mwanamke hawezi kuendesha mtambo.

Kikwazo kilikuwa bei. Cherehani iliuzwa kwa zaidi ya dola 100, wakati pato la familia ya kawaida lilikuwa takriban dola 500 kwa mwaka. Mwaka 1856 Clark alianzisha utaratibu wa kununua kwa awamu: mteja alitanguliza dola tano, akachukua mashine nyumbani na kumalizia deni kidogo kidogo kila mwezi. Mauzo, yaliyokuwa chini ya mashine 900 mwaka 1855, yalivuka 2,500 mwaka uliofuata.

Clark alibuni pia mpango wa kupokea cherehani kuukuu na kumpunguzia mteja dola 50 katika bei ya mpya. Zilizopokewa ziliharibiwa ili zisirudi sokoni. Kwa mtafiti wa leo, hiyo ni sababu mojawapo inayofanya cherehani za miaka ya mwanzo kuwa adimu.

Siri yafichuka

Fedha zilimbadili Singer. Alihamia Fifth Avenue, akanunua farasi, akajiundia gari kubwa la kukokotwa la rangi ya manjano lililokuwa kivutio mitaani. Mary Ann aliendelea kuitwa Bibi Singer, ingawa Catherine alikuwa bado ndiye mke wake kisheria hadi talaka yao ya mwaka 1860.

Mwaka huohuo wa 1860, Mary Ann akiwa ndani ya gari lake alimwona Singer katika gari jingine akiwa na Mary McGonigal, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni. Ugomvi uliofuata uliishia kwa kipigo na Singer akakamatwa. Ikabainika kwamba alikuwa na watoto na McGonigal, na mtoto mwingine na mwanamke wa tatu, Mary Eastwood Walters, wote wakiishi New York kwa majina tofauti.

Kashfa hiyo ilimtia Clark hofu kubwa, kwa kuwa bidhaa yao ililenga akina mama wa nyumbani na familia za waumini. Singer alikimbilia Ulaya. Mwaka 1863 ushirika wa watu wawili ulivunjwa na kuundwa The Singer Manufacturing Company, ambamo kila mmoja alibaki na takriban asilimia 40 ya hisa, bila Singer kushika uongozi.

Mwaka huo wa 1863 alimwoa Isabella Eugenie Boyer, mwanamke aliyekutana naye Paris. Walizaa watoto sita. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, familia ilihamia Uingereza na hatimaye ikaweka makazi Paignton, katika pwani ya Devon. Huko Singer alianza kujenga jumba lililokuja kujulikana kama Oldway, likiwa na nafasi ya maigizo, mapenzi yake ya tangu ujana.

Hakuishi kuliona likikamilika. Alifariki Julai 23, 1875, akiwa na miaka 63, akazikwa Torquay. Aliacha mali iliyokadiriwa kuwa dola milioni 13 au zaidi, na watoto zaidi ya 20 kutoka kwa wanawake watano.

Wosia wake ulionyesha nani alipendwa na nani alikumbukwa kwa kinyongo. William, mtoto wake wa kwanza aliyesimama upande wa mama yake, Catherine, wakati wa talaka, aliachiwa dola 500 tu. Mary Ann, aliyevumilia naye miaka ya njaa jukwaani, alikwenda mahakamani kudai kwamba yeye ndiye mke halali, lakini Isabella ndiye aliyetambuliwa kuwa mjane.

Simulizi na ukweli

Jina la Singer lilienea hata baada ya mwenyewe kufa. Kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, kilichoanza kazi miaka ya 1880, kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani vya aina yake. Mwaka 1911 wafanyakazi wapatao 11,000 waligoma kuwaunga mkono wanawake 12 wa idara ya kung'arisha mbao walioongezewa kazi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1913, kiwanda hicho kilisafirisha cherehani zaidi ya milioni moja.

Cherehani nyingi zenye herufi F, J na Y zilizofika katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza zilipita katika mikono ya wafanyakazi hao. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Kituo cha treni kilicho jirani bado kinaitwa Singer.

Pamoja na jina, ilisambaa simulizi tamu. Mahatma Gandhi, aliyekuwa na shaka kubwa juu ya mitambo, aliihesabu cherehani kuwa miongoni mwa vitu vichache vyenye manufaa vilivyopata kubuniwa, na mwaka 1924 alieleza kwamba Singer aliiunda kwa mapenzi, baada ya kumwona mkewe akitaabika kushona kwa mkono.

Kumbukumbu za maisha ya Singer zinaonyesha jambo jingine. Alianza kazi hiyo kwa sababu mashine yake ya herufi haikuuzika na alihitaji fedha. Wakati huo mke wake wa ndoa alikuwa ametelekezwa, na aliyeitwa mke wake alikuwa akilea watoto katika dhiki.

Hata hivyo, Gandhi hakukosea kuhusu thamani ya chombo chenyewe. Shati lililochukua zaidi ya saa 14 kushonwa kwa mkono liliweza kukamilika kwa saa moja na ushei kwa mashine. Kwa wanawake wengi cherehani ilileta kipato cha nyumbani, ingawa kwa wengine ilileta pia viwanda vya ujira mdogo, kama binti wa Hunt alivyohofia.

Ndiyo maana kazi ya kuchunguza cherehani ya kale haiishii kwenye namba ya chini. Mwaka ukishajulikana na kiwanda kikishatambuliwa, bado inabaki kuwahesabu wenye mashine hiyo: Thimonnier aliyevunjiwa karakana, Hunt aliyeiacha haki yake, Howe aliyefiwa na mkewe katika ufukara, Zieber aliyetoa dola 40, Clark aliyeifikisha kwa wasio na uwezo, na wanawake walioiuza, walioing'arisha na walioishi na mwenye jina lake.

Singer alikuwa na jicho la kuona kasoro ambayo wengine hawakuiona, na ujasiri wa kuuza kile ambacho wengine walishindwa kukiuza. Hayo ni yake na hakuna wa kumnyang'anya. Mengine yote aliyapata kwa watu, na wengi wao aliwaacha njiani.